Kidonge Kimoja, Vinywa Vinne

"Uzee" ni neno la wavivu. Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya, alilitamka mbele ya nyumba ya mama, kwenye njia ya Bogoro, baada ya mama kupanda maharagwe mara mbili katika mstari uleule. Alitaka shamba wapewe watu wengine, na mama aletwe mjini Bunia akae kwenye kiti. Mama aliyetulea kwa jembe, akae kwenye kiti kama mgeni wa arusi.

Nilikataa. Nilimpandisha mama kwenye pikipiki, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akapima tena, akakunja uso. Tension ya damu ilikuwa juu, na huenda ilikuwa hivyo miaka mingi bila kumuuma popote. Alinieleza kwamba huharibu mishipa ya kichwani polepole, na kumbukumbu hupungua nayo. Kilichokwisha kuondoka hakuna dawa ya kukirudisha, ila kilichobaki tunaweza kukilinda. Alitoa vidonge vya mwezi mzima, kimoja kila asubuhi.

Mwezi ulipoisha, kipimo kilikuwa palepale. Niliwaka.

— Mama, dawa unamezaka?

— Namezaka.

— Kila asubuhi?

— Kila asubuhi. Siye wote.

Siye wote? Mama ana wenzake watatu, vikongwe kama yeye. Wanalima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na chochote anachokuja nacho mmoja hugawanywa mara nne: muhogo, samaki wa chumvi, na sasa kidonge, kwa kisu kilekile cha kumenyea muhogo.

— Nimeze peke yangu, niko mulozi?

Mchawi! Nilicheka huku machozi yakinitoka, kisha nikaona aibu. Nilikuwa nimempeleka mmoja kituoni wakati hawa hawajawahi kufanya jambo mmojammoja. Nikawapeleka wote. Wawili kati ya wenzake walikuwa na tension. Wa nne hakuwa nayo hata kidogo. Robo yake alikuwa akiimeza kwa adabu tu, na muuguzi akamkataza.

Sasa kila mwenye ugonjwa ana vidonge vyake, na wanameza pamoja ukingoni mwa shamba kabla ya jembe la kwanza. Yule wa nne ndiye msimamizi. Hakuna anayeinama kulima kabla hajamwonyesha ulimi. Samaki wa chumvi hulowekwa kwanza ili chumvi ipungue, kwa ajili ya tension, na lawama za ladha naletewa mimi.

Kipimo cha mama kilishuka. Kumbukumbu haikurudi, sitadanganya. Kaka alikuja tena, safari hii moja kwa moja shambani, kumjaribu mama mbele yetu sote.

— Mama, leo iko siku gani?

Mama hakuinua uso.

— Sijue kama iko jeudi ao vendredi. Najua iko zamu ya shamba yangu.

Alhamisi au Ijumaa, zamu ilikuwa yake kweli. Wenzake walikuwa wamekwisha kushika mistari yao. Kisha mama akamkabidhi kaka jembe, akimwita kwa jina la baba yetu, tuliyemzika zamani.

Iliniuma. Kaka alinigeukia, akingoja nikiri kwamba ameshinda. Nilimwonyesha mstari uliobaki.

— Yaya, umeitwa. Lima.