Dani Aoko, Shahidi wa Sigara

Mwaka jana mume wangu alikataa maneno ya daktari, akaenda kutafuta ushauri kwa nyanya anayevuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo.

Usicheke. Nilikuwepo.

Mimi naitwa Debra, nauza mitumba Kondele. Mume wangu Dalmas ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi safi, kifua cha injini mbovu. Alikuwa akikohoa asubuhi, majirani wakimsikia wanajua saa imefika, wanaamsha watoto waende shule.

Siku moja alishindwa kuinua mlango alioutengeneza mwenyewe. Akakaa chini, midomo rangi ya jivu, akaniambia eti ni jua la Kisumu.

Jua. Sawa.

Nikamburuta hospitali. Kifua kikuu hana. Daktari, mdada mpole, akamwambia mapafu yameanza kuharibika, lakini akiacha fegi sasa, bado kuna kitu cha kuokoa.

"Kwa wastani, mvutaji anakufa karibu miaka kumi mapema kuliko asiyevuta," akamweleza.

"Hizo hesabu ni za wazungu," Dalmas akajibu. "Sisi watu wa ziwa tunakula samaki."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Na Dani Aoko je?" Dalmas akaongeza.

"Huyo ni nani?"

Yawa! Miaka yote hiyo chuoni, na hamjui Dani Aoko!

Pale Kondele, mwambie mwanaume yeyote aache sigara, atakutajia huyo dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kama vile ndiye aliyemlea. Anauza omena, wale dagaa wa ziwa, soko la Otonglo. Ana miaka tisini na sita. Anavuta tangu usichana na hajawahi kuugua. Habari hizi zililetwa na Oyugi wa bodaboda, ambaye pia ndiye alituambia kuna kiboko Dunga anayesikia Kiswahili.

"Basi twende tumwone," nikasema.

Jumapili mchana tukampata. Amejikunja nyuma ya fungu la omena, uso mikunjo mitupu, meno mawili, moshi unamtoka puani. Dalmas alikaribia kupiga magoti.

"Dani, amosi," akamsalimu. "Hebu mwambie mke wangu. Sigara inaua?"

"Imeniua mimi?" nyanya akasema, akakohoa kidogo.

Dalmas akanigeukia, kifua mbele. Kesi imeisha.

Hapo ndipo mama mmoja akaja na beseni la omena kichwani, mgongo wima, anatembea kama anaenda harusini. Akalitua bila hata kuhema.

"Dani, Mungu amekubariki," Dalmas akasema. "Binti yako ana nguvu."

Yule mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Dani hakucheka.

"Binti gani?" akasema. "Huyu ni Turfosa, dada yangu. Alinibeba mgongoni nikiwa mtoto."

"Dada... mkubwa?"

"Yeye ana sabini na mbili. Mimi sitini na tano. Kwani wewe uliambiwa nini?"

Nilijifanya nachagua omena. Mama mkwe wangu ana sabini kamili na anaruka kwenye kwaya mpaka mchungaji anaogopea sakafu.

Shahidi wetu wa maisha marefu hata umri wa mama mkwe wangu hajafika.

Nikamuuliza Turfosa kama naye anavuta.

"Mimi Msabato," akasema. "Tulizaliwa wasichana watano. Mimi niliolewa mapema kwa watu wa kanisa. Hawa wanne wakafundishwa na nyanya yetu kuvuta hivi, moto ndani."

"Na wale watatu wako wapi?"

Turfosa akaangalia chini. Dani ndiye alijibu.

"Mmoja koo. Mmoja moyo. Yule mdogo alikohoa, akakohoa, mpaka asubuhi moja nikaamka nyumba imenyamaza. Nilidhani amepona."

Akaitoa sigara mdomoni, akaizima chini kwa kidole gumba, akamwangalia mume wangu.

"Wewe umekuja kuniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niko. Wale ungewaulizia wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, eh, tangu anioe, Dalmas alitoa pakiti mfukoni akairudisha bila kuwasha.

Sasa usidhani alirusha pakiti ziwani malaika wakaimba. Alivuta jioni hiyo hiyo, nyuma ya choo, akidhani moshi hauna miguu. Akaacha. Akarudi. Akaacha tena, na akawa mkali hivi kwamba tuligombana juu ya chumvi. Kuna siku nilitamani nimnunulie moja tuishi kwa amani. Lakini tangu Krismasi hajagusa. Kikohozi kimepungua. Kilima bado kinamshinda, na daktari alituambia wazi kwamba kilichokwisha kuharibika hakirudi.

Dani Aoko tulimzika baada ya mvua ndefu; kile kikohozi chake kidogo kilikuwa kimekua. Turfosa ndiye alisimama mbele akasoma wasifu wa mdogo wake, sauti haitetemeki, mpaka alipofika kwenye umri. Hapo akashindwa. Dalmas akalia kama amefiwa na mama yake.

Tuliporudi Kondele akawaeleza wenzake ukweli wote. Walitikisa vichwa kwa heshima.

Kisha Oyugi akawasha sigara yake. "Lakini kuna mzee mmoja Ahero. Mia moja na tatu. Anavuta kama treni."

"Umemwona?" Dalmas akauliza.

"Nimesikia."

"Ndugu zake umewasikia?"

Oyugi akakumbuka ana abiria.

Na wewe unayesoma hii, fegi mkononi na babu yako mdomoni: hongera kwa babu, Mungu amzidishie. Lakini kabla hujamfanya wakili wako, muulize alianza kuvuta na akina nani. Halafu umwombe akupeleke ukawasalimie.