Salio la Nesi Priska

Nesi Priska alipostaafu kutoka zahanati ya misheni huko Uru, mwaka 2004, mabinti aliowapokea yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa kwao walikuwa wameshaanza kuja kwake na mimba zao. Alisomewa misa, akapewa blanketi na jembe jipya, akarudi kwenye kihamba, shamba la nyumbani la mumewe, Mzee Wenseslaus, akitaka kupumzika na migomba yake.

Watu hawakumwacha apumzike. Mwanamke akishikwa na uchungu zahanati ikiwa imefungwa, hodi ilipigwa kwake. Alikuwa amewaambia wazi kwamba hazalishi mtu nyumbani. Alimpima mama, akamtazama usoni, akaamua kama hali inaruhusu kusubiri, kisha akatafuta gari la kumteremsha hospitalini Moshi mjini. Miaka ya themanini, alipokuwa bado kazini, gari lilikuwa jambo la bahati. Wenye magari walikuwa wachache na mafuta hayakuonekana, na Priska alishuhudia mama akijifungulia kwenye majani ya kahawa kwa sababu aliyetumwa barabarani hakurudi kwa wakati. Baadaye biashara zilipofunguliwa, pikapu za mitumba zikaanza kupanda mlima, na nyuma yake zikaja simu. Mwanawe Remigius, aliyekuwa akifanya kazi Arusha, alimletea simu ya batani. Tangu hapo alimpigia Basili, mwenye pikapu, na Basili alifika kabla mama hajamaliza kufunga khanga.

Vocha alinunua mwenyewe, kwa pensheni yake. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona la kusema.

Masika ya mwaka 2008 salio lilianza kuisha lenyewe. Alikwangua vocha jioni, akaingiza namba, akaona salio limeingia. Baada ya siku chache halikuwepo, na hakuwa amepiga simu yoyote. Akaenda kwa Monica, mwenye duka pale njia panda, akidhani ameuziwa vocha mbovu. Monica akamwingizia nyingine mbele ya macho yake. Hiyo nayo ikaisha vilevile.

"Ni Hilda huyo," Mzee Wenseslaus alisema wakati wanakunywa chai. Hilda alikuwa mke wa Remigius, na alikaa nao pale kihambani. "Mume yuko Arusha. Unadhani anampigia kwa simu ya nani?"

"Baba Remigius, Hilda akitaka simu ananiomba. Neno hilo usilirudie."

Lakini Hilda alikuwa upande wa pili wa ukuta, anakata majani ya ng'ombe, na alisikia. Kuanzia siku hiyo hakuigusa tena ile simu. Hata ilipolia mezani na Priska yuko bondeni, aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza.

Alasiri moja ya mvua, Hilda ndiye aliyekuja akikimbia kumwita mkwewe. Yuditha, mke wa jirani yao Eliufoo, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, na Eliufoo alikuwa Sanya Juu kwenye biashara ya mahindi. Priska alikwenda, akampapasa tumbo na kujua mara moja kwamba mtoto amekaa vibaya, ametanguliza makalio. Akatoa simu mfukoni, akampigia Basili. Simu ikamjibu kwamba salio lake halitoshi. Vocha aliyokuwa ameiweka jana yake ilikuwa imekwenda, kiasi kwamba hata kubip hakukuwezekana.

Aliishika ile simu kama mtu aliyeshika kikombe kilichovunjika. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia miaka yote zahanatini, "Hilda mwanangu, toka nje upige ukunga, watu waje."

Hilda akasimama kwenye mvua akapaza sauti, ule mwito wa zamani ambao watoto wa siku hizi wanausikia misibani tu. Ukajibiwa ng'ambo ya mfereji, ukajibiwa tena juu kanisani. Watu wakatokea migombani. Wanaume wakakata miti miwili, wakafunga mablanketi katikati, wakamlaza Yuditha na kuanza kuteremka kwa kupokezana. Priska alitembea pembeni, mkono wake juu ya tumbo la mgonjwa, akimwambia lini avute pumzi. Hilda aliwafunika wote wawili kwa turubai la kuanikia kahawa.

Barabarani walikuta lori dogo limejaa mikungu ya ndizi, linakwenda sokoni. Dereva alikuwa kijana wa Kibosho ambaye hakuna aliyemjua. Alitazama machela, akazima injini, akapanda nyuma na kuanza kushusha ndizi zake kwenye majani yenye maji.

"Zitaibiwa hizi," mtu mmoja alisema.

"Basi zikae na nyie," dereva akajibu. "Mpandisheni mama."

Yuditha alifanyiwa upasuaji jioni hiyohiyo, akapata mtoto wa kike, mzima. Eliufoo alifika kesho yake na matope mpaka magotini, akamwita mtoto Aikaruwa, maana yake kumshukuru Mungu. Na yule dereva aliporudi kuchukua mali yake aliikuta mikungu yote imefunikwa kwa majani ya migomba, na kuna mmoja zaidi ambao haukuwa wake. Aliuliza ni wa nani. Wakamwambia apakie tu.

Priska alifurahi pamoja na wote, akapeleka mtori wa ndizi na nyama kwa mzazi aliporudi nyumbani, lakini moyo haukutulia. Mvua ile ingekuwa kubwa zaidi, au lori lingepita mapema, ingekuwaje? Akamwambia Hilda ajiandae, waende Majengo, Moshi mjini, kwa fundi simu.

Fundi aliitwa Shedrack. Alikuwa na meza ndogo kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, karibu na msikiti, na bisibisi zake amezipanga kwenye kopo la maziwa. Hilda alimweleza kisa chote, maana Priska alikuwa bado anahema kwa jua.

"Shikamoo mama," Shedrack alisema. "Naomba ruhusa nisome meseji zako."

"Marahaba. Soma, baba. Humo hamna siri."

Alibonyeza, akasoma, akatabasamu kidogo. "Hawa wanaokuandikia kila asubuhi ni akina nani? 'Mama mjamzito anywe maji mengi.' 'Mama mjamzito apumzike mchana.'"

"Hao ni watu wa afya," Priska akasema. "Waliniuliza kama napenda kupokea mafunzo ya mama na mtoto. Nikawajibu ndiyo. Mambo yenyewe nayajua, lakini nilisema si vibaya kukumbushwa."

"Hao siyo watu wa afya, mama. Ni wafanyabiashara. Ulipojibu ndiyo, ulijiunga. Kila ujumbe ukiingia, wanakata salio."

Priska alimtazama. "Ujumbe wanatuma wao, halafu nalipa mimi?"

"Ndivyo ilivyo. Na hapa naona uliwaandikia, 'Asanteni sana, sasa zinatosha.'"

"Niliwaandikia mara kadhaa. Niliona nikinyamaza itakuwa utovu wa adabu."

"Hizo nazo zilikatiwa salio."

Hilda alianza kucheka, akajizuia, kisha Priska mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Mwenye duka la vitambaa akatoka kuuliza kuna nini.

Kujitoa hakukuwa kwepesi kama kujiunga. Shedrack aliandika neno la kujitoa, ukaja ujumbe wa kumkaribisha upya. Akapiga huduma kwa wateja kwa simu yake mwenyewe, akakaa na muziki sikioni huku anachomelea redio ya mteja mwingine. Simu ilikatika, akapiga tena. Mwishowe akapatikana binti mmoja huko Dar es Salaam, mpole, aliyetaka kuzungumza na mwenye laini. Priska akamweleza habari za Yuditha tangu mwanzo, na yule binti hakumkatiza hata mara moja.

"Pole sana, bibi," yule binti alisema hadithi ilipokwisha. "Nakuondoa sasa hivi nikiwa nawe kwenye simu. Pesa zote zilizokatwa siwezi kuzirudisha, sina uwezo huo, lakini nitaomba wakurudishie za hivi karibuni. Huyo mama na mtoto wanaendeleaje?"

"Wazima, mwanangu. Asante kwa kuuliza."

Siku iliyofuata salio dogo lilirudi, na asubuhi haikuingia meseji yoyote. Shedrack alikuwa amekataa malipo, akakubali ndizi.

Jioni ya siku waliyotoka Majengo, Mzee Wenseslaus alisikiliza habari yote bila kuinua macho. Kisha akaenda bandani, akakama ng'ombe, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya Hilda, akamletea kikombe cha kwanza.

"Nilikusema vibaya, mkwe," alisema. "Na najua ulisikia."

Hilda alipokea kikombe kwa mikono miwili. "Yamekwisha, baba."

Jumapili, jumuiya ya kanisani ilikutana kwa Eliufoo kumwombea Aikaruwa. Sala zilipokwisha, Eliufoo alisimama, mtoto mkononi, akasema kuna jambo wamelisahau. Kila nyumba pale imewahi kumgongea nesi mlango, na hakuna hata moja iliyowahi kujiuliza vocha anapata wapi. Aliomba kuanzia sasa nyumba yenye mjamzito impelekee vocha. Monica wa dukani akasema yeye ataanza, ingawa watoto wake wameshakua.

Priska akasimama, akitaka kukataa. Alisema pensheni inamtosha, kwamba simu yenyewe alipewa bure na mwanawe.

"Mama," Hilda akamwambia taratibu, "waache washukuru."

Priska akakaa. Alipoombwa aseme neno, alisema kwamba ana deni kwao la mablanketi yaliyolowa. Kisha akawaambia akina mama kwamba wakiulizwa swali lolote na simu, hata liwe zuri namna gani, wasijibu kwanza, wamuulize Hilda. Hilda akainamisha kichwa, akitabasamu. Eliufoo akaanza kugawa mbege, pombe ya ndizi, na Aikaruwa, aliyekuwa amelala muda wote huo, akaamka akidai kunyonya.