Korongo wa Mguu Mmoja

Katika kikundi chetu cha akina mama wa parokia hapa Sumbawanga, kuigana maua ya kudarizi halikuwa kosa, mradi useme umeiga kwa nani. Mimi sikusema.

Miaka ile nyuzi za kudarizi zilikuwa adimu madukani. Jirani yangu, Mama Salome, aliniazima kitambaa alichokuwa anadarizia korongo. Nikamnakili korongo mzima, nikamrudishia kitambaa, naye akaenda Namanyere kumuuguza mama yake. Nilijua hatawahi maonyesho yetu.

Siku ya maonyesho, sista aliyekuwa akikagua kazi zetu alisimama mbele ya meza yangu.

“Mbona korongo ana mguu mmoja?”

“Amepumzika, Sista,” nikajibu. “Niliwaona hivyo bondeni, nikambuni mwenyewe.”

Sista akawaita wenzangu waje wajifunze kwangu. Nilikuwa bado nawaeleza jinsi korongo anavyopumzika, Mama Salome akaingia na vumbi la safari.

“Hajapumzika, Mama Deo,” akasema taratibu. “Uzi mweusi uliniishia. Nimeupata Namanyere.”

Akatandaza kitambaa chake kando ya changu. Korongo wake alikuwa na miguu miwili.