Injini ya Mtu Mmoja

Nilikwenda Mombasa kutafuta injini. Gari langu la porini, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, ndilo linalobeba watu na mizigo kati ya Maungu na vijiji vya chini ya mlima Kasigau. Injini yake ya dizeli ilikuwa imekufa kwa uzee. Gari la aina ile hukubali injini ya dizeli na hukubali ya petroli. Shemeji zangu walisema petroli, jirani mwenye mashine ya kusaga akasema dizeli. Uwezo wangu ulikuwa wa kununua moja tu, na nikikosea kazi imekwisha. Mke wangu Mghoi, ambaye ningemuuliza, tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Asubuhi nilipanda basi.

Mtaa wa Mbaraki, mjini Mombasa, nilifika jua limeshakuwa kali. Muuzaji wa injini zilizotumika alikuwa mama Mkamba aitwaye Mutheu. Alinitembeza katikati ya injini zilizopangwa juu ya mbao na kuitetea petroli vizuri. Ni nyepesi, haipigi kelele, asubuhi huwaka upesi. Tena siku hizi kila kijiji chenye bodaboda kina petroli ya chupa. Ukiishiwa unamimina, unawasha, unaenda. Nikamweleza makorongo yetu, jinsi maji ya mvua yanavyopanda hadi plagi za kuwashia mafuta zikalowa na gari la petroli likazima katikati.

"Ngoja maji yapungue, baba," akasema. "Unakimbilia wapi?"

"Mimi sina pa kukimbilia. Lakini abiria wangu wengine ni wagonjwa."

Akakubali kwamba hapo petroli imeshindwa.

Jioni nilichukua chumba mtaa wa Bondeni. Watu walikuwa wakitoka msikitini, wanapeana mikono na kuulizana hali za nyumbani, mmoja mmoja, bila haraka. Nilikula wali na maharage ya nazi. Nilikuwa na hoja zote za Mama Mutheu kichwani na hakuna wa kumsimulia. Mghoi angezipinga zote, hata zile ambazo angekubaliana nazo.

Kesho yake nilikwenda Kibokoni, Mji wa Kale, kwa Fundi Twahir niliyeelekezwa. Karakana yake iko kwenye kichochoro ambacho gari halipiti. Injini huletwa kwa mkokoteni. Aliniuliza kwanza habari za kwetu, mvua, mifugo na afya, ndipo tukafikia shida yangu. Nilipomtajia petroli akacheka.

"Ndugu yangu, wataka kuendesha gari ama cherehani?"

Dizeli haina plagi za kulowa, akasema, na kwenye mchanga huvuta polepole bila kuchoka. Ugonjwa wake ni upepo. Mafuta yakiisha au chujio likiziba, hewa huingia kwenye mabomba na injini haiwaki mpaka itolewe. Mmoja hulegeza nati kwenye injini, mwingine hupiga stata kwa ufunguo, hadi mafuta yatoke bila povu. Hayo nilikuwa nayajua.

"Wewe ukitoa upepo," akauliza, "nani huwa kwenye ufunguo?"

"Mke wangu."

Kisha ikabidi nirekebishe. "Alikuwa mke wangu. Amefariki."

Akaweka spana chini. "Innalillahi. Pole sana."

Nilimwambia kwamba Mghoi hakujua kuendesha, ila stata alijua kuipiga na kuiacha kwa wakati. Siku moja tulikwama ndovu wakiwa ng'ambo ya barabara. Mimi kichwa kilikuwa ndani ya boneti, yeye akinitajia ndovu wamefika wapi.

Fundi akasema basi nichukue petroli. Dizeli ni gari la watu wawili, na yeye hawezi kuniuzia taabu. Nikamkumbusha maji na wagonjwa. Akafikiri, akafungua droo, akatoa kitufe cheusi chenye nyaya, cha kupigia stata bila ufunguo. Alikuwa amemfungia kingine kama hicho jamaa mmoja wa Liwatoni anayekwenda na mashua peke yake. Jamaa huyo hukaa kando ya injini: spana mkono mmoja, kitufe mkono wa pili.

Akanifanya nijaribu kwenye dizeli moja iliyofungwa juu ya vyuma. Nililegeza nati, nikabonyeza. Povu likatoka, kisha mafuta matupu, nikakaza, injini ikanguruma. Fundi alifurahi. Mimi nilikaa juu ya debe. Nilikuwa nimetumaini haitawezekana, na sijui kwa nini.

Niliinunua hiyo hiyo, pamoja na kitufe.

Nilirudi kwa lori, nikikaa karibu na dereva, injini ikiwa nyuma chini ya turubai. Mvua zilipokuja nilivuka makorongo na wagonjwa wangu bila kuzima. Mara moja, nikirudi peke yangu, chujio liliziba karibu na kijiji cha Rukanga, nikatoa upepo mwenyewe. Nilichelewa, kwa sababu kila baada ya nati moja nilitoa kichwa kuangalia nyuma yangu kama kuna ndovu. Kazi hiyo kitufe hakiifanyi.

Sasa watu huniuliza kama wachukue dizeli au petroli. Mimi huwauliza kwanza wanasafiri na nani. Mtu akitaja jina upesi, namwambia anunue dizeli, asiwe na wasiwasi. Akinyamaza kidogo, namweleza habari ya kitufe.