Vipande Vilivyovunjikia Menoni

Kazi yangu ni kuvunja vitu. Watu wakiniuliza ninafanya utafiti wa nini huwa nawajibu hivyo, kwa sababu nikianza kueleza mambo ya nyenzo na nguvu zake, macho yao huanza kutafuta mlango. Nachukua nyuzi za mkonge, nazilaza ndani ya gundi ya majimaji, nazipika kwenye tanuri mpaka gundi igande na vyote viwe kitu kimoja kigumu kama mfupa. Kisha nakata vipande, napachika kimoja kimoja kwenye mashine, juu kinaumwa na chini kinaumwa, nacho kinavutwa mpaka kikatike. Mlio wake ni kama wa bunduki ndogo. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi hapa Eldoret na bado nashtuka kila mara, na fundi wetu wa maabara, mtu aliyetoka pande za ziwani, bado ananicheka.

Naona nikiri mapema kwamba mimi ni mwoga. Siogopi nyoka wala giza. Naogopa vitu vinavyoonekana vizima.

Baba yangu anaishi karibu na Burnt Forest, anafuga ng'ombe wachache na kupanda viazi. Ugonjwa wa sukari ulimchukua mguu wa kushoto, chini ya goti. Daktari alitukalisha chini, baba, mama na mimi, akasema bila kuzungusha maneno kwamba huo wa kulia tuulinde kama yai. Kidonda kimoja tu kikikataa kupona, naye angebaki bila mguu hata mmoja. Tangu siku hiyo kila simu ya mama ilikuwa ikinikata pumzi kabla sijasikia salamu.

Hospitalini walimpa mguu wa bomba la chuma. Ulikuwa mzuri, lakini Burnt Forest ni baridi, na baba huamka alfajiri kukamua. Alilalamika kwamba chuma kinaganda na baridi inapanda mpaka kwenye kigutu, inamuuma mpaka kiunoni. Alilalamika mwaka mzima. Mwishowe nikafanya jambo ambalo ningemkataza mwanafunzi wangu yeyote: nilimtengenezea bomba la mkonge kabla sijamaliza kulipima. Kile kikombe cha juu kinachoshika kigutu tulikiacha, wayo wa mpira tukauacha, mimi nikabadilisha mfupa wa katikati tu. Nilimpelekea wakati wa Krismasi nikiwa nimeufunga kwa karatasi ya zawadi.

Sijawahi kumwona baba akifurahi vile. Aliutembeza sokoni kama mtu aliyenunua gari. "Huu mguu nimepikiwa na msichana wangu," aliwaambia watu, akivuta suruali juu wauone. Mama naye akadakia, "Ugali unamshinda, lakini mguu amepika." Nilicheka nao, na moyoni nikawa na hofu iliyokaa kimya.

Hofu yenyewe ilikuwa ya maji. Mkonge hunywa maji, hata mtoto aliyewahi kuona kamba ikilowa anajua. Mimi nilikuwa nimepima vipande vikavu tu. Kwa hiyo niliporudi maabara baada ya sikukuu niliviloweka vipande vitano kwenye beseni, nikavisubiri wiki kadhaa, kisha nikavivuta.

Hapa lazima nieleze sheria moja ya kazi yetu. Yale mataya ya mashine yana meno yanayouma kipande kisiponyoke. Kipande kikikatikia katikati, hesabu yake ni halali. Kikikatikia menoni, pale kilipoumwa, tunasema meno ndiyo yaliyokijeruhi, na matokeo yake hayahesabiwi. Unaandika "menoni" kwenye daftari, unakitupa, unaendelea. Ni sheria nzuri, kila mtu anaifuata.

Vitatu vilikatikia menoni, tena mapema, hata mlio wenyewe haukuwa wa bunduki bali wa kijiti kibichi. Viwili vilikatikia katikati, na nguvu yake ilikuwa nzuri ajabu. Niliandika "menoni" mara tatu, nikavitupa vile vitatu, nikabaki na viwili vyangu vizuri.

Fundi, ambaye huniita Daktari kwa sababu ya shahada yangu, alisimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. "Daktari, tatu kati ya tano? Hiyo si bahati mbaya, yawa. Hiyo ni kitu inakuambia kitu."

"Ni vile ulikaza mataya sana," nikamjibu kwa ukali.

Fundi alimalizia chai yake. Aliosha beseni akaliweka juu ya rafu. Jioni ile nilikwenda kwangu mtaani West Indies nikalala vizuri, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

Wiki tatu zikapita, mvua kubwa ikaanza. Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa maabara nikisahihisha kazi za wanafunzi, naye fundi alikuwa akisugua meno ya mashine kwa brashi ya waya. Alikuwa akitoa manyoya ya mkonge yaliyosalia humo, meusi, laini, kama nywele zilizoziba sinki. Aliyasukuma kwa kidole, akayatazama.

"Kwani ile mguu ya Mzee," aliniuliza, bila ubaya wowote, "huko chini inashikwa na nini?"

"Na kola ya chuma," nikasema. "Inakazwa na bolti."

Nilijisikia nikisema. Kola ya chuma inayouma bomba la mkonge pale kwenye kifundo, sentimita chache kutoka kwenye tope la zizi la ng'ombe. Mguu wa baba ulikuwa umekaa menoni mchana kutwa, kila siku, ukilowa. Nilikuwa nimetupa vipande vitatu pekee vilivyokuwa vikisema habari zake.

Nilinyakua simu nikampigia.

Simu ya baba ilikuwa imezimwa. Nikampigia mama.

"Baba yako ako juu ya boma ya ng'ombe," mama akasema. "Mabati iliinuliwa na upepo jana, anapigilia misumari."

"Juu wapi?"

"Juu kwa paa, sasa juu ni wapi kwingine?"

"Mwambie ashuke!" nikapiga kelele. Nilisikia mama akigeuka, akivuta pumzi kumwita, nami nikaiona ngazi. Niliona ule mguu wa kushoto ukitangulia kwenye kipandio, uzito wote wa mzee ukiulalia, kola ikiuma. "Hapana! Mama, hapana! Asishuke! Akae hapo hapo. Mwambie avue mguu, akae, nakuja."

Nikasikia sauti ya baba kwa mbali, na mama akanirudishia maneno yake. "Anasema hawezi kuvua mguu majirani wakimwangalia. Na anauliza kama umerukwa na akili."

"Mwambie nimerukwa. Lakini akae."

Barabara ya Nakuru siku ile ilikuwa imejaa malori, na mvua ilikuwa ya kuchuruzika tu, ile isiyokoma. Nilikuwa na gari kuukuu ambalo halipandi mlima bila kubembelezwa. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa. Kila simu ya mama ilipoita nilikuwa na hakika ameanguka, na kila mara ilikuwa habari nyingine: amekaa, mvua inamnyeshea, ameomba chai na ameipata kwa kamba ndani ya kijagi, ameanza tena kupigilia misumari akiwa amekaa. Nyuma ya lori moja la mahindi nilijikuta naongea peke yangu, nikihesabu kwa sauti, kilo za baba, upana wa kola, idadi ya hatua tangu Krismasi, kama vile hesabu ingeweza kuushikilia mguu mpaka nifike.

Nilimkuta juu kabisa, amepanda paa kama farasi, mguu mmoja huku na mwingine kule, nyundo mkononi, kofia imelowa. Mama alikuwa chini akiwa ameishika ngazi ingawa hakuna aliyekuwa akiipanda. Majirani walikuwa wamechoka kutazama wakaenda zao.

"Daktari amefika," baba akasema. "Sasa mimi nimekaa hapa kama kuku ya kutaga kwa sababu gani?"

"Vua mguu, Baba. Tafadhali."

Nadhani alisikia sauti yangu. Alitazama barabarani kama kuna mtu, akakunja suruali, akaufungua, akamteremshia mama kwa ile kamba ya chai. Nikapanda. Ngazi ilikuwa ya mbao, inateleza. Baba alijiburuta kwa makalio mpaka ukingoni, nami nikawaza juu ya ncha za mabati na ngozi ya mguu wake wa kulia, nikavua sweta langu nikazifunika ncha hizo. Alishika ngazi kwa mikono miwili. Nilikuwa nyuma yake, kifua changu mgongoni mwake, mikono yangu imepita pande zake zote mbili. Aliruka kipandio kwa kipandio kwa mguu mmoja, na kila aliporuka ngazi nzima ilitikisika, na mimi nikafumba macho. Alinuka maziwa na moshi. Sikumbuki kuwahi kumkaribia hivyo tangu nikiwa mdogo, na sikuweza hata kufurahia, nilikuwa nikihesabu vipandio.

Alipokaa kwenye kigoda cha kukamulia, nikaukagua mguu wake wa kulia kwanza. Haukuwa na mkwaruzo. Ndipo nikauchukua ule wa mkonge.

Tuna njia ya kizamani ya kusikiliza kitu kama hiki: unakigonga kwa sarafu. Kikiwa kizima kinajibu kwa sauti kali, ko, ko, ko. Tabaka zikiwa zimeachana ndani, sauti inakufa. Nilianza kugonga juu, chini ya kikombe, nikashuka taratibu. Ko, ko, ko. Juu ya kola kidogo, sarafu ikasema pu. Nikarudia. Pu. Nikaizunguka kola yote, na kila mahali ilikuwa hivyo hivyo. Kwa macho hakikuonekana chochote. Rangi niliyoipaka mwenyewe ilikuwa bado inang'aa.

"Hapo," baba akasema. "Hapo ndio inalia. Nikipanda ngazi inasema tik."

Nikainua uso. "Tangu lini?"

"Tangu mvua ianze."

"Na hukusema?"

Alitazama ng'ombe wake. "Ningesema ungeichukua," akasema. "Na kila mtu sokoni nishamwambia ni wewe umepika. Nikaona nitakanyaga polepole."

Mama alisonya, akaingia jikoni akituacha. Nilitaka kulia, na nilitaka kumfokea kwamba angekufa, kwamba mtu hakanyagi polepole juu ya paa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

"Na wewe?" baba akauliza. "Wewe ulijua lini?"

Njia nzima nilikuwa nimejiambia nimejua leo asubuhi, fundi alipouliza. Ningeweza kusema hivyo, na mtu yeyote mwenye daftari langu angekubaliana nami.

"Wiki tatu," nikasema. "Vipande vilivunjika. Sikuvihesabu."

Baba aliuchukua ule wa mkonge mikononi mwangu, akauweka chini. Kisha akamwita mama alete ule mguu wa chuma uliokuwa chini ya kitanda. Aliuvaa mwenyewe, nikaona uso wake ukikunjamana baridi ilipomgusa. Akasimama. Akaenda mpaka kwenye ngazi, akaishika kwa mikono miwili, akanionyesha juu kwa kichwa.

"Imebaki misumari minne," akasema. "Panda. Mimi nitashika."

Nilichukua nyundo nikapanda. Mvua ilikuwa bado inachuruzika na vipandio vilikuwa na utelezi wa viatu vyetu. Katikati ya ngazi nilisikia mbao ikitikisika chini yangu, kidogo tu, na sikuthubutu kutazama chini.

"Baba, umeshika?"

Hakunijibu. Nilisimama pale, nyundo mkononi, nikisikia mvua juu ya mabati.

"Nimeshika," akasema mwishowe. "Panda."