Shahidi wa Kisima cha Baba

Maji yoyote yanayoletwa maabara, dada yetu huyapima sambamba na chupa ya maji yaliyosafishwa mpaka hayana kitu. Chupa hiyo anaiita shahidi. Yote mawili huyamimina kwenye chupa zenye koki, akaongeza kiyeyushi, akatikisa, akapindua, akafungua koki kidogo ipumue. Halafu anangoja. Kiyeyushi hushuka taratibu hadi chini, kimebeba sumu ambayo jicho haliioni wala ulimi hauitambui. Sijamwona mtu anayejua kungoja kama yeye.

Shamba la jirani lilipoanza kupuliziwa dawa ya wadudu, yakaletwa maji ya kisima cha baba. Baba alikichimba kwa mikono yake kabla hatujazaliwa, na mtaa mzima unakitegemea. Dawa ikaonekana kisimani. Ikaonekana na kwa shahidi.

Dada akauliza huku na huko, hadi mlinzi wa maabara akakiri kwamba alipuliza dawa ya mbu mle ndani. Mbu wa humo, alijitetea, wanamuuma kama mashemeji wasiompenda.

Nyumbani tukashusha pumzi. Mkuu wa maabara naye alimshauri dada aandike kwamba kipimo kiliharibika, yaishe. Dada akafungua madirisha, akaosha vyombo vyote upya, akarudi kisimani na chupa ya kioo. Baba mwenyewe ndiye aliyemshikia kamba.

"Unatafuta nini tena, mwanangu? Si mlisema ni dawa ya mbu?"

"Natafuta kama kisima kimesingiziwa, baba."

Safari hii shahidi alikuwa safi. Kisima hakikuwa safi.

Angeweza kutuma karatasi, kama wanavyotumiwa wengine. Alikuja mwenyewe, na vumbi la njia miguuni, akakaa na baba kwenye ukingo wa kisima, akamweleza polepole, bila kuificha sumu wala kuikuza. Baba alitazama chini kwenye giza la maji yake. Nilidhani atamfukuza.

"Nimechimba mimi, unafunga wewe," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Basi tafuta kifuniko kizito. Chepesi watoto watakifunua."

Kilipopatikana walikibeba wawili, kila mmoja upande wake. Baba alitembea kinyumenyume, na dada akamwelekeza pa kukanyaga.