Muziro Usio wa Ukoo Wowote

Asifiwe Mungu, asiyechoka na wanafunzi wazito kama sisi, aliyeniachia pumzi hata leo nikaweza kusimulia haya.

Nilizaliwa Nyakatuntu, katika kibanja cha migomba na mibuni. Kwetu kila ukoo una muziro wake, mnyama au samaki ambaye watu wake hawamli. Sisi hatuli pongo, yule swala wa vichakani. Majirani zetu hawali samaki aitwaye kamongo, lakini pongo wanamla, na walikuwa wakitutania kwamba tunawaachia minofu. Hakuna aliyemwona mwenzake mkosefu.

Katika miaka ya thelathini alitujia mwalimu wa dini kutoka upande wa Bukoba. Lugha yetu ya Runyambo hakuwa ameizoea vizuri, na alipotafuta neno la kutuelezea dhambi, akaokota hilo la muziro. "Wizi ni muziro," alitufundisha. "Uongo ni muziro." Wazee wakaitikia kwa kichwa, wakidhani anawaeleza mambo ya ukoo wake. Jirani mmoja akamwuliza kwa adabu, "Na wakwe zenu, mwalimu, nao hawaibi?"

Kisha dada yangu mkubwa akapata mimba kabla ya kuolewa. Kwa desturi ya zamani, binti wa namna hiyo alivushwa Mto Kagera na asirudi tena. Baba alikwisha kumwambia akunje mkeka wake. Mwalimu aliposikia, akaja asubuhi. Baba akampokea kwa heshima, akampa kahawa ya kutafuna.

"Mzee wangu," mwalimu akasema, "kumfukuza mtoto ni muziro."

"Muziro wenu, mwalimu. Wetu ni pongo. Mimi nimewahi kuja kwako kukukataza pongo?"

Mwalimu alitafuna kahawa yake. Alikuwa amefungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, marehemu baba yako alikula ndizi za nyuma ya nyumba?"

"Hakula."

"Kwa nini?"

Sote tulijua kwamba migomba ile ilipandwa na shangazi, dada yake baba, ambaye babu mwenyewe alimvusha mto kabla sisi hatujazaliwa.

"Nani alimpa muziro huo?" bibi akauliza. "Si ukoo. Ukoo ulimsifu kwa kuwa mtu wa desturi. Na pongo tunamwacha siku zote, sijaona aliyemlilia."

Baba akachukua panga, akatoka. Dada alikuwa amekaa juu ya mkeka wake uliokunjwa. Baba aliporudi alikuwa amebeba mkungu kutoka nyuma ya nyumba, akautua mbele yake.

"Menya," akamwambia. "Tutakula wote."

Baadaye maishani nimewasikia wasomi wakisema kwamba wema na ubaya ni kama muziro, kila watu na wao. Wengine wanasema sisi wa leo tumewazidi mababu kwa akili. Naona shida kukubali lolote kati ya hayo. Babu aliitii desturi, na tumbo lake likaikataa mpaka alipokufa. Ina maana alijua. Baba hakupewa maarifa ambayo babu hakuwa nayo. Alithubutu tu kutenda lile ambalo baba yake aliishia kulionea uchungu. Hata hivyo hiyo ni hatua, wala siidharau, kwa maana mtoto wa dada alizaliwa nyumbani kwetu na bibi ndiye aliyemwogesha.

Nami, katika sala zangu, huwa najiuliza ni ndizi zipi ninazoziepuka leo huku watu wakinisifu.

Wewe unayesoma, Mungu akupe moyo unaosikia mapema, na mezani pako pasikosekane yeyote uliyepaswa kula naye. Amina.